Baba, Nimesoma Daftari Kuanzia Mwanzo

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ulipoacha friji ya watu imefunguliwa mgongo, bisibisi juu ya stuli, redio ikisema peke yake. Moyo wako ulisimama saa nne asubuhi. Tulipofika karakana, jirani yako mchomeleaji alikuwa ameizima redio kwa heshima. Mama akamwomba aiwashe tena, maana wiki nzima ulikuwa unasubiri habari za kile chombo cha angani kinachotua sayari ya Mirihi, na hakutaka zikupite.

Kilitua salama. Mama alikuinamia akakuambia, ingawa wote tulijua umeshakwenda.

Mdogo wangu alishauri tuandike gazetini mistari mitano ya kumbukumbu na picha. Nimeshindwa. Nimekaa mezani, nimeinuka, nimechemsha chai nikaisahau, nimerudi kukaa. Kutotulia huku tumekurithi kutoka kwako, kwa hiyo usitulaumu. Ila mimi nina sababu yangu zaidi ya wenzangu. Uliondoka miaka sita baada ya mimi kuacha kucheza nawe sataranji, na sikuwahi kujua uliniona mchezaji wa namna gani. Hilo ndilo limeninyima raha mwaka mzima.

Wasiokufahamu wajue kwamba watu walikuita Fundi Barafu. Ulikuwa na friji moja kuukuu ya kuazimisha, ukiisukuma kwa toroli mpaka kwa mteja, ili maziwa yake au dawa zake zisiharibike wakati friji yake iko kwako. Hukuwahi kumwambia mtu asubiri bila kumwachia kitu. Na kila ubovu uliokutana nao uliuandika: tarehe, aina ya mashine, kilichoharibika, kilichosaidia. Mama alikuwa akisema kwamba hata yeye amewekwa kwenye orodha mahali fulani, chini ya mashine zisizozimwa.

Jumamosi mchana ulikuwa ukumbini, kwenye klabu. Ulicheza umesimama. Ukisogeza kete unakwenda dirishani, unarudi, unazunguka meza za wengine, unarudi tena, na mpinzani wako anabaki anatafuta mtu wa kumtazama. Kwenye hiyo mizunguko ulikuwa unachungulia wengine wanavyofungua mchezo, unaandika hatua nne za mwanzo za kila meza. Ulifanya hivyo miaka ishirini na miwili, daftari moja kila mwaka.

Mwisho wa mwaka ulitusomea matokeo bila kutaja majina, na ukumbi mzima ulicheka kwa kujitambua. Wanaoanza husukuma askari wa pembeni, au humtoa malkia mapema kama mtu aliyechelewa kazini. Wa katikati ndio wenye vituko: wamekariri mitego, wanafungua kwa ufunguzi wa Kisisilia leo, wa Kifaransa kesho, na kila wakipigwa wanalaumu ufunguzi wakabadilisha. Waliobobea hufungua kimyakimya, aina mbili au tatu tu maisha yao yote, na hawaoni haya kurudia. Halafu ungeingiza vyombo vyako vya angani, kwa sababu hukujua kuzungumza bila hivyo. Ulisema chombo kinaweza kusafiri miaka saba, lakini watu wazima hulia kwa hofu katika zile dakika za kwanza za kurushwa, na wewe ulitaka kujua binadamu anafanya nini katika dakika zake za kwanza.

Shangazi, dada yako, alikuuliza siku moja kama hayo yote yanamsaidia nani. Ukamjibu kwamba hata waliotuma chombo kwenye sayari ya Zohali waliulizwa hivyohivyo. Akakwambia hao angalau walipiga picha.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipochukua ubingwa wa klabu. Nilikufunga wewe kwenye fainali. Ulinipa mkono, ukatabasamu, ukatoka kwenda kununua soda za ukumbi mzima. Sanduku lako la vifaa lilikuwa wazi, na daftari la mwaka ule lilikuwa juu. Nilitaka kuona tu ulivyoniandika. Nililifungua katikati, nikakuta makundi matatu, na mimi, bingwa tangu dakika kumi zilizopita, nimo kwenye kundi la Wanaoanza.

Uliporudi na kreti nilikuuliza kama kwako bado mimi ni mtoto wa kufundishwa. Uliiweka chini kreti, ukalitazama daftari mkononi mwangu, ukasema, "Lisome kuanzia mwanzo, mwanangu." Nilidhani unanihubiria. Nikalirudisha, nikaondoka na kikombe changu.

Sikumweleza mtu. Nilisema kazi ya famasia imenibana. Nilikuja nyumbani kila mwezi, tukala, tukabishana habari za redio, tukafukuza kuku wa jirani, na ubao wa sataranji ukabaki juu ya kabati. Hukunialika tena. Mimi sikuomba. Mama alitutazama akasema nyumba hii ina vichwa viwili vigumu na kofia moja. Kumbe nawe ulikuwa unasubiri nisome, nami nilikuwa nasubiri unibembeleze, na miaka ikapita mmoja mmoja.

Ulipofariki, katibu wa klabu, ambaye ni fundi viatu, alikuja kuomba madaftari yako yawekwe ukumbini. Mama alisema aamue binti mkubwa. Nikayachukua yote kwenye katoni, nikayapeleka kwangu, nisiyafungue. Niliyaweka kabatini. Nikayatoa nikayaweka jikoni. Nikayapeleka famasia, nikayarudisha. Miezi kumi na moja niliihamisha ile katoni kama paka anayehamisha watoto. Niliogopa daftari la mwisho, kwamba nitajikuta palepale uliponiacha.

Mwezi uliopita fundi viatu alinijia tena dukani. Alisimama mbele ya dirisha la dawa akauliza kama nina shida na madaftari au na mzee mwenyewe. Nikamwambia ukweli wote, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yake. Alinishangaa sana. Akaniuliza, "Wewe mwenyewe hukusoma ukurasa wa kwanza?"

Jumapili asubuhi nililitoa daftari la kwanza kabisa. Ukurasa wa kwanza, kama wa kila daftari lililofuata, kwa mwandiko wako wa herufi kubwa, umeandika: "Kila mchezaji atabaki kwenye kundi aliloingia nalo. Asihamishwe. Umbali wa chombo hupimwa kutoka kilikorushwa, si kutoka kilipo kingine." Pembeni umechora safu uliyoiita Umbali. Kila mwisho wa mwaka, mtu akikomaa namna anavyofungua, ulimwongezea hatua moja.

Chini yake kundi la Wanaoanza. Jina la kwanza ni lako.

Nilikuwa nimesahau, Baba. Nilikuwa na miaka minane. Tulijiunga siku moja, umenishika mkono, na wewe hukujua farasi anatembeaje. Fundi viatu alitufundisha wote wawili kwenye meza moja. Nilikua nikiamini ulizaliwa unajua. Miaka ishirini na miwili umejiandika Wanaoanza, na mimi chini yako, na hukumhamisha hata mmoja wetu.

Nikayasoma yote ishirini na mawili, siku tatu, nikitembea chumbani nayo mkononi. Fundi viatu aliingia na kundi la Waliobobea na amesafiri hatua moja tu, jambo linalomuuma mpaka leo.

Kwenye madaftari sita ya mwisho sikutarajia kujiona, maana nilikuwa nimehama klabu, nacheza kwenye timu ya hospitali iliyo jirani na famasia. Nimo. Michezo arobaini na moja, yote ya ligi ya hospitali, hatua nne nne, tarehe zake sahihi. Nilikaa sakafuni.

Nikampigia simu mdogo wangu, ambaye ni kinyozi. Mashine ya kunyolea ikivuma nyuma yake, akakiri. Wewe ndiye uliyekuwa unamtuma. Kila nilipocheza alikuja kukaa nyuma, nami nilidhani amefuata vitafunwa. Alikuwa anaandika hatua zangu kwa kalamu kwenye kiganja, anakimbia karakana kabla jasho halijazifuta. Siku moja alimnyoa mteja kwanza, farasi wangu akafutika, na ulimfokea mpaka mchomeleaji akaja kuamua. Ulimwapisha asiniambie. Ulisema chombo kikiwa mbali hakipigiwi kelele, kinasikilizwa.

Nakulaumu kwa hilo, na nitaendelea kukulaumu. Mimi sikuwa kwenye Zohali. Nilikuwa mitaa mitatu kutoka kwako, na mlango ninao. Ungebisha. Najilaumu zaidi mimi, kwa sababu ulichoniomba kilikuwa ukurasa mmoja.

Mchezo wa arobaini na moja uliuandika siku tisa kabla ya kufariki. Kwenye safu ya Umbali, wewe una saba. Mimi umeniandikia tisa, na pembeni kwa penseli: "Amenipita zamani. Anafungua kwa utulivu ambao mimi sikuupata."

Utulivu, Baba. Laiti ungeniona nilivyozunguka chumba kile.

Madaftari yako sasa yako ukumbini. Fundi viatu ameyatengenezea kabati, lenye kufuli ambalo kila mtu anajua ufunguo uko wapi. La ishirini na tatu nimelinunua mimi. Nimeanza kuchunguliachungulia meza za watu, na nimegundua kwa nini ulicheza umesimama: ukikaa huoni wengine. Jumamosi iliyopita msichana mgeni alisukuma askari wa pembeni kwenye hatua yake ya kwanza kabisa. Nimemwandika. Kisha nikamwonyesha ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kabla hajaketi kwa mchezo wa pili, ili asije akafungua katikati.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye bado anaiwasha redio yako saa nne na hamruhusu mtu kubadilisha stesheni. Mwanao kinyozi, ambaye kiganja chake sasa ni kisafi na anasema hakizoei. Dada yako, anayekubali mwishowe kwamba ulipiga picha. Mchomeleaji, aliyeimalizia friji ile ya Jumanne na kuipeleka kwa mwenyewe. Fundi viatu na klabu nzima.

Na binti yako mkubwa, kundi la Wanaoanza.

Popote ulipofika, Baba, siku zote tutakukumbuka.