Vipimo vya Watu Mia Nne na Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta mpya imefika. Nyembamba kama sinia. Kaileta binti yangu Mkubwa, na maneno mengi juu yake: Mama, ile ya zamani inakoroma, itakufia mikononi. Nikamjibu hata baba yako alikoroma miaka thelathini, sikumtupa.

Lakini kweli inakoroma. Na ikifa inakufa na vipimo vyote. Watu mia nne na kumi na mbili! Kila mtu na faili lake, na jina nililompa mimi: Bega Chini. Kiuno Nyigu. Mwalimu Tumbo. Wakijiona humo, shauri yao. Wanakwaya wanataka magauni thelathini na nane mwezi ujao. Nikiwaita wapimwe upya wataishia kwa yule mshonaji wa ng'ambo ya barabara, anayepima kwa macho.

Kesho anakuja fundi wa kuhamisha.

Jumanne, 4 Machi
Fundi Kipara kaja, kachomeka, kabofya, dakika kumi kasema kazi imekwisha. Eti nimpe ile kuukuu akaifute, akauze vipuri. Tayari ameshaikumbatia kwapani!

Mimi nguo haitoki mezani kwangu kabla sijaigeuza nje ndani na kuvuta kila mshono. Nikamwambia keti hapo. Nikaanza kufungua moja moja. Bega Chini — halifunguki. Kiuno Nyigu — halifunguki. Majina yote yapo, yamejipanga kama watoto wa shule, na ndani hamna kitu!

"Bibi, kompyuta mpya, bado haijazoea."

"Nikikushonea suruali ikakwama magotini, nikuambie haijakuzoea?"

Akakuna kipara. Akachungulia. Kumbe kahamisha zile alama za kwenye skrini tu, vibandiko vya mlangoni, vyumba vyenyewe kaviacha kule! Na alikuwa anaenda kuvifuta. Nimemnyang'anya. Nimeifunga kwa tepu ya kupimia kwenye mguu wa cherehani. Fundo langu hafungui mtu.

Jumatano, 5 Machi
Kipara karudi na waya mnene. Kavuta mafaili yote kwa mkupuo. Ile kuukuu ikapata moto, ikazima. Mara ya pili. Mara ya tatu. Akasema Bibi, hii imechoka, tukubali tu. Mkubwa naye akadakia: Mama, labda ndiyo sababu ya kupumzika, umeshona vya kutosha.

Nikashika mkasi, nikarudi kwenye kitambaa. Nikitukana naanza kukosea kukata.

Hawajui kilichomo. Wanadhani ni magauni ya kwaya tu. Miaka tisa iliyopita kitinda mimba wangu alisema mbele ya wateja, dukani kwangu, mama hajui hata kusoma, anabahatisha. Kweli nilikosea mkono wa koti siku ile. Kweli niliishia darasa la tatu. Lakini mbele ya wateja! Nikamwambia mlango ule pale. Akatoka, akaenda mbali, hatujasemezana mpaka leo. Mwezi uliofuata nikanunua kompyuta. Nikabonyeza kidole kimoja kimoja mpaka ikanitii. Faili la kwanza kuandika ni lake. Sikuandika jina. Niliandika Yule. Sijalifungua tena.

Alhamisi, 6 Machi
NIMEWEZA!

Cherehani yangu ya kwanza nayo ilikuwa na homa hivi hivi. Unaifanyisha kazi asubuhi kukiwa na ubaridi, kidogo kidogo, unaipumzisha. Basi ile kuukuu nimeiinua juu ya roli mbili za uzi, feni nimeielekeza tumboni. Mafaili ya herufi moja, kwenye flashi, kwenda kule kwingine. Nafungua kila faili. Nazima. Nakunywa chai. Herufi nyingine. Mpaka saa sita nimefika M. Bega Chini lipo, na bega lake!

Ijumaa, 7 Machi
N mpaka W. Mia nne na kumi na moja! Kipara kapita kuchungulia maiti, kakuta mgonjwa anatembea. Akauliza nimefanyaje. Nikamweleza, akatoa karatasi, akaandika! Mtu mwenye cheti ukutani anaandika maneno ya darasa la tatu. Nikamwambia andika na hili: usifute kabla hujafungua.

Mkubwa kasema samahani, Mama. Kimya kimya, lakini nimesikia. Nikamwomba arudie.

Jumamosi, 8 Machi
Imebaki Y. Moja tu.

Nimezunguka duka zima. Nimeokota pini ambazo hazijadondoka. Mkubwa akasema Mama, kuna nini, maliza. Nikahamisha. Nikafungua.

Bega kumi na nne na nusu. Kifua thelathini na mbili. Kiuno ishirini na tano. Mkubwa alikuwa nyuma yangu, kasoma. Akavuta kiti. Akasema kompyuta hii hajainunua peke yake. Wamechanga wawili. Na huyo wa pili, mdogo wake, ndiye aliyesisitiza inunuliwe kabla ile haijafa, maana anajua mama hana daftari la vipimo, vyote vimo humo.

Nikamfokea. Mnanizunguka ndani ya duka langu mwenyewe! Yeye kapiga simu, kanibandika sikioni. "Shikamoo Mama."

Miaka tisa. Nikasema marahaba, una tepu hapo? Vipimo vyako vimepitwa na wakati, siwezi kushona kwa kubahatisha. Akaenda kutafuta tepu. Bega kumi na tano, nimeandika. Kiuno thelathini, nimeandika, nikamwambia unakula vizuri.

Kifua bado. Analia, na mtu anayelia kifua hakipimiki, kinapanda na kushuka. Simu iko mezani, naisikia. Nimemwambia asiache tepu, nasubiri