Teke Ambalo Langat Hakunipiga

Jumanne, jioni. Mvua ya mawe imepiga majani chai tangu saa nane, na mimi niko kitini, mguu juu ya stuli, plasta mpaka chini ya goti. Sina hamu ya kuongea na mtu. Mke wangu ameelewa, ameniwekea chai na kwenda kukama.

Wiki iliyopita nilifanyiwa upasuaji. Kumbe mambo haya yanawezekana: daktari alipasua sehemu ndogo ndogo tu, akachukua kano linalokunja kidole gumba cha mguu, akalihamishia kisiginoni lifanye kazi ya lile lililokatika. Kidole hakitakuwa na nguvu ya zamani. Heri kidole. Karibu mwaka mzima nimekuwa nikiburuta mguu, siwezi kupanda mteremko wa shamba na kikapu mgongoni, siwezi hata kusimama kwa vidole nifikie rafu.

Lakini si mguu unaonitia uchungu leo.

Mwaka jana, kwenye kituo cha kuuzia majani, nilikuwa nainua gunia nilipeleke kwenye mizani. Nikasikia teke kisiginoni, pa! Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa Langat, jirani yangu, na siku hizo tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nani mwingine? Nilimshika shati mbele ya watu wote.

Sikwenda hospitali. Nilikwenda kwa wazee.

Kokwet, kikao chetu cha kijiji, kilitusikiliza asubuhi nzima. Langat alikana, akakana tena. Mwishowe wazee wakamwambia atoe kondoo ili tuishi vizuri. Akamleta mwenyewe kwa kamba, akasema, "Hii kondoo nimetoa ya amani. Lakini mguu yake mimi sikugusa."

Nilimwona mnafiki mkubwa. Kondoo nilimla, na supu nikanywa. Shangazi yangu akawa ananikanda kwa samli wiki baada ya wiki, kwa maana teke hukandwa tu, nani hupeleka teke kwa daktari? Nilikuwa bado natembea, basi nikajua hakuna kilichokatika. Ujinga wangu huo sina wa kumsukumia.

Siku moja kabla ya upasuaji daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza ilianzaje. Nikamwambia nilipigwa teke.

"Ulimwona huyo mtu akikupiga?"

Sikumwona.

"Mzee, wengi wenye wamekatika hiyo kano wanakuja hapa wakisema wamepigwa teke. Hakuna teke. Hivyo ndivyo inasikika ikikatika."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nilitaka kubishana naye. Nilitaka kweli awe amenipiga.

Leo asubuhi nimempigia Langat simu. Nimemwambia yote bila kuzunguka.

"Mimi nilijua sikukupiga, Baba Chebet," akasema. "Sasa na wewe umejua. Ni sawa."

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali angenitukana. Kisha akasema, "Ni mama tu hakujua. Akiwa mgonjwa alikuwa ananiambia kila siku nikubali makosa kabla hajaenda. Tulimzika akiwa bado amenikasirikia."

Mazishi hayo sikuhudhuria. Nilitangaza sokoni kwamba siwezi kukanyaga boma la mtu aliyenilemaza.

Daktari anasema baada ya miezi michache nitatembea vizuri. Sisikii furaha yoyote. Nimemtumia mzee wa kijiji ujumbe aite kokwet Jumamosi, na nikishindwa na magongo nitabebwa. Nitasema mbele ya wale wale waliomhukumu, na kondoo nitamrudishia, aliye mkubwa kuliko yule.

Wazee watanisikia. Langat atanisikia. Na mama yake, nitamwambia wapi?