Watu Hawakuhama

Jumatatu, 3 Juni

Mazoezi tena hapa Chemchem, mpaka koo limekauka. Ofisa utamaduni kaja na saa yake. Wimbo wangu una beti tisa, yeye anataka tatu. Ati huko Ulaya kwenye tamasha kila nchi inapewa dakika chache tu, na watu watatuona kwenye televisheni majumbani mwao. Sijawahi kuona televisheni. Nimemuuliza, na yeye hajawahi.

Jumatano, 5 Juni

Nimemuuliza ofisa tutashindana na kina nani, watakaa upande gani wa uwanja. Kacheka. Kwetu ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja, wakati mmoja. Watu wakihama kwa mwenzako wakaja kwako, umeshinda, imekwisha. Huko kila mmoja anaimba peke yake, wengine wanangoja zamu. Sasa watu watahama kutoka wapi?

Kanionya. Mimi ndiye manju, ninayetunga na kuongoza, lakini nikiharibu nafasi yangu atapewa mwingine. Nimekasirika. Kikundi hiki nilikianzisha mimi.

Jumapili, 16 Juni

Tumefika. Baridi. Saidi, mpiga ngoma wetu, amevaa suruali mbili, mimi kanga tatu. Wamenichorea alama ya chaki jukwaani, nisitoke hapo. Mbele yangu mashine kubwa za kupigia picha. Naambiwa nizitabasamie. Nitabasamie chuma?

Jumanne, 18 Juni

Sijui niandikeje.

Ubeti wa kwanza, watu wamekaa. Wa pili, wamekaa tu, mikono mapajani. Kwetu manju akiona hivyo hangoji, anawafuata. Nikawafuata. Nimeshuka ngazi huku naimba mpaka viti vya mbele. Mama mmoja mzee kasimama, nikamshika mkono, kacheza. Wengine wakainuka. Nikajua tumeshinda.

Kumbe zile mashine hazikunifuata. Kipaza sauti nilikiacha juu. Majumbani wameona Saidi anapiga ngoma na nafasi tupu pembeni yake, basi.

Tumekuwa wa mwisho. Ofisa kasema, "Ndugu, umeiaibisha nchi." Lakini ukumbini walinipigia makofi, nimeyasikia kwa masikio yangu. Nimechanganyikiwa kabisa.

Alhamisi, 27 Juni

Treni imesimama Igalula. Ofisa hajanisemesha tangu Dar es Salaam. Abiria mmoja ana redio, inasema tumeiwakilisha nchi vizuri. Behewa zima likanipongeza. Nikasema asante, uso unawaka. Ofisa naye kapongezwa, kasema asante vilevile.

Jumamosi, 29 Juni

Kikao. Ofisa kapendekeza Saidi awe manju. Wameinua mikono wote, hata wale niliowafundisha kuitikia. Na mimi nimeinua. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 1 Julai

Saidi amekuja asubuhi. Anataka nimfundishe beti zote tisa, maana ofisa amesharudi ofisini kwake na hapa hakuna wa kutukatia. Nilitaka kumfukuza. Nimemtandikia mkeka.

Ubeti wa tano unamshinda, anaukimbiza. Nimeurudia naye mpaka kaushika. Ana sauti nzuri, lazima niseme.

Wakati wa kuondoka kasimama mlangoni, kainamisha kichwa, kasema, "Shikamoo, dada." Tumezaliwa mwaka mmoja, tumecheza pamoja, hajawahi kuniamkia. Sikujua kama ni heshima au ananihurumia.

Nikaitikia, "Marahaba."

Alipokwisha kwenda nililia. Kisha nikachukua ndoo, nikaenda bombani.