Mama Mkwe Alisoma Kurasa Zilizogandana

Bibi Secilia mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwenye safu yako ya gazetini nikiwa jikoni na moshi wa kuni mbichi unanitoa machozi, ila hata bila moshi ningelia tu, kwa hiyo univumilie mwandiko. Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja huku juu ya Mlalo, nimeolewa na Nathanaeli, yeye yuko kwenye kiwanda cha mbao na huja mwisho wa mwezi, siku zote nyingine naishi na mama yake, Mama Dorkasi, na huyu ndiye mama niliyebaki naye duniani, maana wangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na nilipomzaa Tobia ni huyu aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini akiniambia, "Kula, mwanangu, mlima huu haupandwi na mwenye njaa," sasa mtu kama huyo unamfanyaje?

Hapa kijijini kila mtu anajua Mama Dorkasi ni msomaji. Miaka thelathini anakaa benchi la mbele kanisani, miwani puani, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa mikononi, anaimba beti zote mpaka amina na hakosi neno. Kisomo kilipoanza nilimwandikisha moja kwa moja hatua ya tatu bila kumpima, maana nani ampime mama wa benchi la mbele? Tunasomea ndani ya ghala la kahawa la ushirika, na akishika kitabu chetu cha kilimo cha mahindi akakisoma kwa sauti, wenzake huacha kusuka vikapu wakamsikiliza.

Wiki moja kabla ya mtihani Tobia akamwaga uji kwenye kitabu cha bibi yake, ukurasa wa kumi na mbili na wa kumi na tatu zikagandana kabisa, hata kwa kisu hazifunguki. Jioni yake mama akakaa anasoma, mimi namenya ndizi, mara namsikia yuko kwenye mbolea, anaendelea vizuri tu, na mbolea iko ukurasa wa kumi na tatu! Nikageuka nikamtazama. Akanitazama. Akafunga kitabu taratibu.

"Mama Tobia, umejua," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Baba alinikataza shule, nikachunga mbuzi. Nilikuwa nasimama dirishani kwa wamisionari nasikiliza. Nimeshika kila kitu kwa sikio, hata hiki kitabu mnapokisoma darasani. Nifichie, mwanangu."

Nikamfichia, Bibi Secilia, na nikazidisha. Siku ya mtihani kila mwanafunzi alisoma ukurasa mmoja mbele ya Ndugu Kibwana, mratibu wa elimu wa kata, mtu wa Tanga mjini, mpole sana, na kuchagua ukurasa ilikuwa kazi yangu, basi mama nikampa ukurasa wa kuchanganya mahindi na maharage, ambao anaujua kuliko Baba Yetu. Nikaandika: hatua ya tatu, amefaulu vizuri sana. Nikatia saini. Nyuma yake akaja jirani yetu Jenoveva, akasoma hatua ya kwanza huku jasho linamtoka, neno moja dakika nzima, lakini alisoma kweli, na alipomaliza akaniuliza, "Mwalimu, mbona mimi kichwa changu kizito, mwenzangu anateleza tu?" Nilishindwa kumwangalia.

Sasa Mkuu wa Wilaya anakuja kutoka Lushoto kugawa vyeti baada ya wiki tatu, na Ndugu Kibwana kwa furaha yake amemchagua Mama Dorkasi kusoma risala, kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote, na hiyo risala anaiandika mratibu mwenyewe na ataileta asubuhi ya siku ile ile. Mama anasema, "Nisomee mara mbili tu nitaishika, Mungu hakuninyima kichwa." Lakini hali chakula. Jumapili iliyopita alikaa benchi la mbele na kitabu kimefungwa mapajani, na wimbo wake mwenyewe hakuuimba. Nikisema kweli namvua nguo mbele ya kijiji kizima na kazi yangu nimeipoteza, nikinyamaza nitasimamaje mbele ya akina Jenoveva? Nisaidie, mama, kabla hajaisha mwili wote.

Efrazia, Mlalo.

*

Marahaba, Efrazia. Hilo si jina lako, nimekubatiza upya, na wenzako wote pia, ili msitafutwe. Weka kuni kavu, ukae unisikilize.

Acha nikugombeze kwanza, nikimaliza tutapendana. Mama mkwe wako alikuomba umfichie. Hakukuomba umwandikie cheti. Ukurasa uliuchagua wewe, saini uliitia wewe, na kwa mkono huo huo ukamwacha Jenoveva aende nyumbani akiamini kichwa chake ni kizito, wakati darasa zima hakuna aliyesoma kwa uaminifu kuliko yeye. Unaniambia ni mapenzi. Ee, mapenzi yapo, nimeyaona kwenye barua mpaka nikatafuta leso yangu. Ila hapo ulipotia saini ulikuwa unaogopa, mwanangu, nawe ukauvika woga wako kanga ya mapenzi. Angalia mama yako alivyokonda. Umemfichia mpaka amekosa pumzi.

Na huyo Mama Dorkasi wa watu! Kitabu kizima kichwani, mbolea na palizi, na nyimbo zote za kanisa! Walimu wangapi wanaweza hivyo? Waliomnyima shule ndio wenye aibu.

Sasa fanya hivi. Usikimbilie kwa Ndugu Kibwana kabla ya kumwona mama. Kesho mkiwa mnachambua maharage, Tobia yuko nje, piga goti kama ulivyofundwa, useme, "Mama, nimekukosea." Omba msamaha wewe. Usimwambie yeye kakosa nini, anakijua tangu kabla hujazaliwa. Mwambie unakwenda kuirudisha saini yako. Atalia, au atakununia siku mbili tatu, vumilia, mpikie. Lakini hata akikataa, Ijumaa isikupite hujafika kwa Ndugu Kibwana. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako imebakiza wiki tatu tu.

Kwa mratibu sema maneno machache: nilimpa ukurasa alioukariri, kosa ni langu, naomba apimwe upya na mtu mwingine. Huenda ukaondolewa kazini. Sitakudanganya kwamba haiwezekani, na ikitokea itauma. Lakini utarudi nyumbani na macho ya kumtazamia Jenoveva.

Risala asome huyo huyo Jenoveva. Atajikwaa, ndiyo, na Mkuu wa Wilaya atasubiri, si ana kiti? Mama Dorkasi aongoze wimbo wa kufungulia sherehe. Huo ni wake, kaupata kwa haki yake pale dirishani.

Halafu, mwalimu, fanya kazi yako. Mrudishe hatua ya kwanza, lakini usimpe kitabu cha mahindi, mpe kitabu chake cha nyimbo. Mshike kidole ukiweke chini ya neno la kwanza la wimbo anaoupenda, aimbe polepole, kidole kisimtangulie wala kisichelewe. Maneno yote anayo, hajayajua sura tu. Marehemu mume wangu alisoma hivyo hivyo akiwa na mvi kichwa kizima, akanisumbua kwa kunisomea kila karatasi ya sukari iliyoingia nyumbani.

Na gazeti hili usimsomee. Nasema usimsomee hata mstari! Liweke juu ya kabati mpaka mahindi yakauke. Siku hiyo mpe na miwani yake, wewe nyamaza, menya ndizi zako. Mistari ya mwisho nimemwandikia yeye. Hajaisikia dirishani wala kanisani, kwa hiyo hana pa kuikariri.

MAMA, KAA.
SOMA POLEPOLE.
MWANAO ANAKUPENDA.
HAKUNA ALIYEKUSOMEA HAYA.