Pampu ya Mwenyekiti Imegeuka Kijani

Nasrin, wameipaka kijani. Pampu ya mwenyekiti, nakuambia, kijani, rangi ya maji salama.

Ndiyo ile Shefali na vijana wenzake wa kujitolea waliipima, wakakuta sumu ya aseniki, wakaipaka nyekundu watu wasinywe.

Leo wageni wa wilaya wamejaa uani, Shefali akamgeukia mwalimu Habib aliyemfundisha kupima. "Mwalimu, si tulipima wote?"

"Ulikosea, mama. Wewe bado mdogo."

Ulikosea. Mbele za watu. Mwaka wa mafuriko alituruka sisi hivyo hivyo, akakana aliyoyasema, sijasahau.

Shefali akajaza glasi pale pale pampuni, akampa mwalimu kwanza, kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka. "Karibu maji, mwalimu."

Wageni wameshaondoka. Glasi bado imejaa mkononi mwa mwalimu.