Kilomita Nane Kabla ya Makutano

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lolote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao wote wawili, na kwamba goti lako limepunguza kuuma tangu mvua zilipokatika. Ukitaka kujua habari zangu, mimi ni mzima wa mwili. Kazi ni ile ile kwenye kinu cha unga. Nasimama kwenye mizani ya magunia tangu asubuhi mpaka king'ora kilie, na unga unanijaa masikioni hata nikioga mara mbili. Chumba nacho ni kile kile. Kioo cha dirisha kilipasuka, nikaziba kwa ubao, kwa hiyo hata mchana nakaa gizani kama popo, lakini baridi haiingii.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimekupigia mara nne kwa ajili ya jambo hili. Kila nikisikia sauti yako, najikuta nauliza habari za goti.

Wiki iliyopita Mama Mdogo alikuja kuniona kazini. Alisubiri nje ya geti mpaka tulipotoka kula, akanivuta pembeni karibu na malori, akaniambia kwamba miezi saba sasa hulali kitandani kwako, unajikunja kwenye kochi la sebuleni, na nguo za shemeji hutaki ziguswe. Alisema ulimwambia, tena bila kulia, kwamba wewe ndiye uliyemuua mumeo kwa mdomo wako. Kwamba siku tunaondoka ulimwambia, "Ukitoka na hiyo baiskeli, usirudi," naye kweli hakurudi. Mama Mdogo alitaka nije nikufariji. Nilimwitikia tu, nikarudi kwenye mizani, na mchana huo nilikosea kupima mara tatu mpaka msimamizi akaniuliza kama nimelewa.

Dada, safari ile sijakusimulia yote. Nitaanza tangu siku ya kwanza bila kuruka, maana nikiruka kidogo tu nitapata pa kujificha.

Unakumbuka wazo lilikuwa la shemeji. Mke wangu alipoondoka nilikuwa nimekaa kama mzigo uliosahaulika stendi. Shemeji akaja siku moja na baiskeli mbili, ya kwake na moja aliyoiokota kwa rafiki yake na kuifufua mwenyewe, akaziegemeza ukutani kwenye ujia wa nyumba yangu. Alisema yeye amesimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma miaka thelathini, mimi nimesimama mbele ya mizani miaka kumi na tisa, na mto unapita nyuma ya nyumba zetu kila siku bila sisi kujua unakokwenda. Twende tukaone. Siku nne, polepole, njia ya juu ya tuta la kuzuia mafuriko, tambarare mwanzo mwisho, mpaka makutano ambako mto wetu unaingia kwenye mto mkubwa. Akachora njia yote nyuma ya karatasi ya kalenda.

Siku ya kwanza kulikuwa na ukungu, mto hatukuuona, tuliusikia tu. Yeye alikuwa mbele, mimi nyuma, na kila baada ya muda alisimama kunisubiri na kunisema kwamba naendesha kama nimebeba mayai. Tulipofika kwenye pantoni ya kuvukia ndipo aliponieleza mlivyogombana. Nilidhani atakuwa na kinyongo. Alikuwa anacheka. Alisema umekuwa ukimhesabia pumzi akipanda ngazi, unataka aende kwa daktari, naye anakupiga chenga tangu mwaka jana. "Dada yako ana macho," aliniambia. "Nikirudi nitakwenda. Ila nikienda kwanza, hawataniachia nije huku." Nilicheka naye. Hapo sikujua kitu, nakuapia.

Siku ya pili mvua ilinyesha. Tulipita mashamba ya maharage na viwanda vya matofali vilivyofungwa, njia yote matope, hakuna mtu. Jioni tukapata nyumba ya wageni, na mama mwenye nyumba alipotuona tumelowa vile akatuuliza kama tumefukuzwa na wake zetu. Shemeji akamjibu kwamba mmoja amekimbiwa, mwingine ametoroka. Yule mama alicheka mpaka akatuongezea blanketi. Nami nilicheka, Dada, kwa mara ya kwanza tangu chumba changu kibaki na kikombe kimoja. Lakini siku hiyo niliona kwamba kila penye daraja, pale njia inapoinuka kidogo tu, shemeji alishuka na kuikokota baiskeli, na akifika juu anasimama ameushika usukani kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke. Nilipomuuliza alisema ni gesi tumboni.

Siku ya tatu asubuhi, hatujaenda hata saa moja, alisimama, akatapika pembeni ya njia. Jasho lilikuwa linamtoka ilhali hewa ilikuwa ya baridi. Kulikuwa na zahanati hatua chache kutoka kwenye tuta, nikamkokota mpaka pale. Wewe hukuwahi kusikia habari za zahanati hiyo kwa sababu nilizificha. Muuguzi alimpima presha, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaniita mimi pembeni ukumbini. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, haongei sana. Aliniambia moyo wa huyu bwana haupigi sawasawa, asikanyage tena pedali, leo hii hii nimfikishe hospitali kubwa. Akaandika karatasi ya rufaa, akanikabidhi mkononi. Akasema gari la maziwa linapita saa nne kuelekea mjini, na dereva hukubali kubeba wagonjwa.

Shemeji alinisubiri kwenye benchi la nje. Nilimweleza. Akaanza kunibembeleza kama mtoto. Zimebaki kilomita hamsini, alisema, tambarare tupu. Tufike makutano, halafu nimpeleke hospitali yoyote ninayotaka. "Na usimwambie dada yako," akasema, "atakuja na gari hata kama hajui kuendesha." Gari la maziwa likaja. Dereva akapunguza mwendo, akatutazama. Nilimpungia mkono apite.

Ningetaka kukuambia kwamba nilimhurumia mgonjwa. Nimejaribu kuamini hivyo miezi yote saba. Ukweli ni kwamba mimi ndiye sikutaka safari iishe. Nilijua akipanda lile gari, wewe utakuja, watoto watakuja, madaktari watakuja, nami nitaambiwa ahsante, nirudi kwenye chumba changu. Kule juu ya tuta kulikuwa na mtu aliyekuwa akisimama mbele kunisubiri. Nilitaka siku moja zaidi ya hiyo. Karatasi niliikunja nikaitia ndani ya soksi, nikapanda baiskeli.

Tulikwenda mwendo wa kobe siku hiyo, tukapumzika kila kijiji. Jioni jua linazama tukawa tumepata chumba, yeye amejilaza, midomo yake imekuwa na rangi ya majivu. Ndipo ulipopiga simu. Hukutaka kuongea naye, bado ulikuwa umekasirika, au ulijifanya. Uliniuliza swali moja tu: "Anapumua vizuri huyo?" Mimi nilikuwa nimesimama futi tatu kutoka kitandani kwake, naona kifua kinavyopanda na kushuka, na karatasi ya muuguzi inanichoma mguuni. Nikakujibu, "Anapumua kuliko mimi." Ukasema haya, ukakata.

Uliuliza mtu sahihi swali sahihi, Dada. Aliyekosea jibu ni mimi.

Asubuhi ya siku ya nne alisema amepata nafuu. Kweli alionekana na nafuu. Ukungu ulikuwa umeondoka, upepo unatusukuma kwa nyuma, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nilikanyaga pedali bila kugeuka. Nilikuwa na raha, sitaki kukuficha hata hilo. Mwanamke aliyekuwa akikata majani ndiye aliyenipigia kelele. Nilipogeuka nikaona baiskeli imelala njiani, nayo mbali kweli, karibu nusu kilomita. Nilipomfikia alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta wa nyumba ya pampu ya maji, kofia iko magotini. Alinitambua. Alitaka kusema kitu, hakikutoka. Yule mwanamke alikimbia kutafuta gari, na gari lilipokuja, shemeji alikuwa ameshatutoka. Makutano hatukuyaona. Zilikuwa zimebaki kilomita nane.

Mlipokuja niliwaambia imetokea ghafla, bila dalili yoyote. Kila mtu aliniamini. Wewe ulinishika mikono ukanishukuru kwamba hakufa peke yake. Ukweli ni kwamba alianguka peke yake. Na nilikuona ukianza kujilaumu tangu siku ya mazishi, nikanyamaza, kwa sababu lawama ikikaa kwako haiji kunitafuta mimi.

Jambo moja limebaki, nalo ni lako. Ulipokata simu jioni ile, shemeji aliniuliza umesemaje. Nikamwambia umeuliza kama anapumua vizuri. Alitabasamu, akavuta shuka, akasema, "Akishaanza kuuliza pumzi zangu, basi ameshapoa." Akalala usingizi mzito. Hayo ya kuuliza pumzi zake ndiyo maneno yako ya mwisho kumfikia. Yale ya asubuhi ya kuondoka alikuwa ameshayacheka siku ya kwanza kwenye pantoni.

Karatasi ya muuguzi imo ndani ya bahasha hii. Ina tarehe na saa. Wasomee wanao ukipenda, na Mama Mdogo pia, sitakana neno hata moja. Baiskeli yake bado iko hapa kwenye ujia. Nitaileta, au atumwe mtu aichukue kama hutaki kuniona. Jumapili sifanyi kazi, nitakuwa nyumbani kutwa. Ukija kunitukana, mlango uko wazi. Usipokuja, nitaelewa, na sitakupigia simu tena kukuuliza habari za goti.

Nisalimie wanao. Mkubwa akiuliza kwa nini sikusema mapema, mwambie mjomba wake aliogopa, usinitafutie sababu nyingine iliyo nzuri zaidi. Nami naishia hapa, mkono umechoka na macho pia. Tafadhali, Dada, leo lala kitandani kwako.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa naye