Leo Tumemtoa Mtoto Nje

Alhamisi jioni, Migori. Mvua imegoma tangu juzi, jua linachoma, na moyoni nina hasira na furaha, vyote vimekaa benchi moja.

Nimewadanganya polisi leo, mchana kweupe, na sijutii hata kidogo.

Nianze na Godeliva. Ni Mrundi. Alikimbia vita kwao, akapita Tanzania, akaingia Kenya kwa miguu, mimba ikiwa kubwa. Alikamatwa pamoja na wanaume wanne, Warundi wenzake, walipokuwa wakiuliza njia ya kwenda Nairobi kuomba hifadhi. Kosa lao ni kwamba wameingia nchini bila kibali. Kwani vita hutoa kibali? Mtu nyumba yake inaungua, ati apange foleni kwanza agongewe muhuri!

Kortini hawajapelekwa. Wamewekwa tu seli, wiki baada ya wiki, kama magunia ambayo mwenyewe hajaja kuyachukua. Sisi akina mama wa jumuiya ya kanisa ndio tunaowapelekea uji na sabuni. Jumapili uchungu ulimshika Godeliva, akapelekwa hospitali, akajifungua mvulana, na siku hiyohiyo akarudishwa seli, mtoto amefungwa kwa leso yangu. Seli yenye ndoo ya haja kwenye kona. Yaani mtu azaliwe, kitu cha kwanza anachonusa duniani kiwe kile.

Nililia. Halafu nikachoka kulia.

Jana askari mmoja mwenye roho nzuri alimnong'oneza Mama Otis kwamba Ijumaa lori linakuja, wote watarudishwa mpakani. Ijumaa ni kesho. Mama Otis anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, meza yake iko karibu na cherehani yangu, na sauti yake husikika mpaka steji ya magari. Jana lakini aliongea polepole. Akaniuliza, tutafanyaje? Maandamano? Siku hizi ukikusanya watu bila kibali cha serikali, rungu hilo hapo. Tulishajaribu kusimama langoni mwa kituo cha polisi na mabango yetu, tukatawanywa hata wimbo wa kwanza haujafika kiitikio. Mimi mwenyewe nilitimua mbio.

Nikarudi kushona, kichwa kinazunguka. Na ndipo nikakumbuka jambo ambalo kila Mjaluo analijua. Mtoto wa kiume akizaliwa anakaa ndani na mama yake siku nne, kisha anatolewa nje asubuhi, jua limwone, watu wamwone, wale chakula, washangilie. Tunaita golo nyathi.

Nani amewahi kuomba kibali cha kumtoa mtoto nje?

Basi leo asubuhi tulifika kituoni, wengi kuliko nilivyotarajia, na ugali, na samaki, na kuku wa kuchemsha, vigelegele vimeanza tangu barabarani. Mkuu wa kituo akatoka akikaza mkanda. Ni mtu wa Rusinga, Mjaluo mwenzetu, na hilo ndilo nililokuwa nalitegemea.

"Mkutano huu una kibali?"

"Hakuna mkutano hapa, afande. Kuna mtoto ndani ametimiza siku nne. Tumekuja kumtoa."

"Huyo si mtoto wa Kijaluo."

"Amezaliwa hapa Migori, afande. Wako walitolewa na bibi zao. Huyu bibi yake yuko wapi?"

Akawatazama askari wake. Akatazama sufuria. Akasema dakika kumi, halafu kila mtu kwake.

Godeliva alipotoka alijikinga macho kwa mkono, mwanga umemzidi. Mama Otis akampokea mtoto, akamwinua juu, na sisi tukashangilia mpaka wenye maduka ng'ambo ya barabara wakatoka kutazama. Nyuma ya nondo wale wanaume wanne walikuwa wanapiga makofi.

Godeliva akanivuta mkono. Kwa Kiswahili chake cha Bujumbura akanieleza kwamba kwao pia mtoto hutolewa nje, ila siku yake bado. Uso ukanichoma! Tumepika, tumekuja na makelele yetu yote, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye mtoto. Nikamwambia, pole mama, tuache?

"Hapana, dada, endeleeni," akasema. "Siku yenyewe ikifika, mimi nitakuwa wapi?"

Maneno hayo yaliniwasha. Mkuu aliposema muda umekwisha, mama arudi ndani, nikausikia mdomo wangu ukijibu kabla sijaupa ruhusa: "Haiwezekani, afande. Mtoto akishatolewa, harudishwi ndani kwa mlango aliotokea. Atakayemrudisha ndiye atakayepata chira." Chira ni laana ya mtu aliyevunja mwiko. Inamkausha mpaka mifupa, na watoto wake nao.

Hakuna mwiko kama huo. Niliutunga palepale. Mama Otis, Mungu ambariki, hakupepesa jicho. "Kweli kabisa," akasema, "shangazi yangu aliona kwa macho yake."

Kituo kina mlango mmoja tu.

Mkuu akamwamuru askari wa kwanza, yule akainama ghafla kufunga kamba za viatu. Wa pili akasema mke wake ana mimba, samahani afande. Mkuu mwenyewe alijua nadanganya, nilimwona machoni. Lakini naye hakusogea. Sijui aliogopa chira au aliona aibu. Mwishowe akasema niweke sahihi ya dhamana, mama akae kwangu, nimlete kila Jumatatu. Nikaweka sahihi hata hajamaliza kusema.

Sasa Godeliva amelala kitandani kwangu na mwanawe. Mume wangu amehamia kwenye kochi, amenuna kidogo tu.

Ningependa kuishia hapo, lakini sitajidanganya mwenyewe. Yule mama hakutolewa kwa sababu ni mtu. Ametolewa kwa sababu askari waliogopa laana. Tulipokuwa tunaondoka, mmoja wa wale wanaume aliniita kupitia nondo. "Mama," akasema, "na sisi?"

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimebeba mtoto wa watu, na swali lile likinifuata.

Wale wanne hawana mtoto wa kutolewa nje, na sina mila nyingine ya kutunga. Nimeshaongea na Mama Otis. Kesho tutafika langoni kabla ya lori, bila sufuria, bila vigelegele, bila uongo wowote. Tutakaa chini, barabarani, mbele ya magurudumu. Mkuu akiuliza kama tuna kibali, nitamwambia ukweli: hatuna, na hatuondoki.